Neno Moja la Kiingereza na Jua la Mwezi wa Saba

Nilifundisha lugha kwa miaka 38. Nilianza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, nikawa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu huko nyanda za juu kusini, na nilistaafu nikiwa mkuu wa shule. Katika muda huo wote nilijihesabu kuwa mtu anayekijua Kiingereza, na kwa majivuno ya kazi yetu niliamini kwamba neno ambalo sijawahi kukutana nalo halina maana kubwa. Neno apricity lilinikuta mwaka 2014, miaka sita baada ya kustaafu, nikiwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba ya binti yangu katika mji wa Leeds.

Binti yangu ni muuguzi huko. Alikuwa amejifungua, mama yake hakuweza kusafiri kwa sababu ya miguu, basi nikaenda mimi, mwezi wa Januari, na koti langu la zamani ambalo kule halikufaa kitu. Wiki ya kwanza sikuliona jua hata mara moja. Kunapambazuka karibu saa 2 na nusu asubuhi, na saa 10 alasiri tayari ni giza. Katikati kuna mwanga wa rangi ya majivu, kama vile siku nzima inangoja kuanza. Nilikuwa nakaa karibu na kile chuma chenye maji ya moto ukutani, nikisoma gazeti lilelile mara mbili.

Siku ya tisa jua likatoka. Nilitoka nje nikatafuta ukuta unaolielekea, nikapindua ndoo, nikaketi, nikafumba macho. Hewa ilikuwa ya barafu, pumzi yangu naiona, lakini upande mmoja wa uso ulikuwa unapata joto, joto dogo la kweli, kama mkono wa mtu. Jirani, mzee aliyewahi kufundisha Kilatini katika shule za huko, alinichungulia juu ya uzio akacheka. Akaniambia kuwa kwa Kiingereza kitu ninachokifanya kina jina lake, ila hakuna Mwingereza atakayelielewa. Akalitamka: apricity. Maana yake ni joto la jua wakati wa baridi.

Nikamwomba anitajie herufi zake. Nikaziandika pembezoni mwa gazeti, kwa mazoea ya kazi, na tangu hapo nimekuwa nikilifuatilia neno hilo kama mtu anayefuatilia ukoo wa mgeni aliyelala kwake usiku mmoja.

Asili yake ni Kilatini. Warumi walikuwa na neno apricus, mahali palipo wazi kwa jua, na wakawa na kitenzi chake cha kukaa juani ili kupata joto. Katika Kilatini neno halikufungwa na majira. Mahali pa namna hiyo huweza kuwa pa jua wakati wowote wa mwaka. Cicero anakitumia kitenzi hicho katika kisa ambacho msomaji huenda anakijua kwa njia nyingine. Aleksanda Mkuu alimwendea Diogenes, yule mwanafalsafa fukara, akamwambia aombe chochote anachokitaka. Diogenes akamwomba asogee kidogo, asimkingie jua. Wengi wetu tulifundishwa kisa hiki kama kisa cha dharau kwa wakubwa. Cicero, akiwa mtu wa maelezo, anafafanua sababu ya ombi lenyewe: mfalme alikuwa amesimama akimtia kivuli mtu aliyekuwa anaota jua.

Kuna mwingine ninayempenda zaidi. Pliny Mdogo, katika barua zake, anaeleza maisha ya mzee aitwaye Spurinna, aliyewahi kuwa kiongozi mkubwa wa Roma na ambaye alikuwa amepita miaka 77, umri nilio nao mimi leo. Mzee huyu alikuwa na ratiba kama ya shule ya bweni: kutembea, kusoma, kupanda gari la farasi, kutembea tena. Saa ya kuoga ilipokaribia, kama hapakuwa na upepo, alitembea uchi juani, na wakati wa baridi saa hiyo ilisogezwa mbele. Pliny mwenyewe alikuwa na nyumba ya pwani yenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya kunasa jua tu. Watu wale walikuwa matajiri, watumwa wao ndio waliobeba kuni, sisemi kwamba tuwaige. Nasema tu kwamba walilijua jambo hili vizuri kiasi cha kulijengea chumba.

Basi neno lilifikaje Uingereza? Lililetwa na watu wa kazi yangu, yaani walimu na watu wa vitabu.

Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza ilitolewa mwaka 1604 na Robert Cawdrey. Alikuwa mwalimu wa shule, kisha mchungaji wa kanisa, akaondolewa kanisani kwa sababu ya msimamo wake wa Kipuritani. Kitabu chake kilikuwa kidogo, maneno 2,500 hivi, na hakikukusudia kueleza maneno yote. Nani angenunua kitabu cha kumweleza mbwa ni nini? Alieleza maneno magumu tu, yale yaliyokuwa yakimiminika katika Kiingereza kutoka Kilatini, Kigiriki na Kifaransa, na alisema wazi kwamba anawaandikia wanawake na watu wengine ambao hawakupelekwa katika shule za Kilatini. Nakala moja tu ya chapa ile ya kwanza ndiyo iliyobaki duniani, nayo iko katika maktaba ya Bodley kule Oxford. Mwaka 1616 akafuata tabibu mmoja, John Bullokar, na kamusi yake.

Wa tatu ndiye anayetuhusu. Mwaka 1623, mwaka uleule tamthilia za Shakespeare zilipokusanywa katika kitabu kimoja kikubwa, Henry Cockeram alitoa kitabu alichokipa jina la Kamusi ya Kiingereza. Cockeram hakuwa mtu wa haya. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake inaeleza maneno magumu kwa lugha nyepesi, kama wenzake. Sehemu ya pili inafanya kinyume: inachukua neno la kawaida la sokoni na kumpa msomaji neno la fahari la kuliweka mahali pake, ili mtu wa kawaida aweze kuandika barua akaonekana amesoma. Ukichoka na kusema kwamba fulani anapiga kelele kama mchunga ng'ombe, Cockeram anacho kitenzi kirefu cha Kilatini kwa ajili ya jambo hilohilo. Sina habari ya mchunga ng'ombe yeyote aliyekitumia.

Humo ndimo lilimo apricity, na maelezo mafupi kabisa: ujotojoto wa jua katika majira ya baridi. Katika kitabu hiki cha Cockeram, neno ambalo Warumi walilitumia kwa jua la wakati wowote limefungiwa ndani ya baridi.

Nimeitafakari sana sababu yake, na sioni haja ya kutafuta mbali. London iko digrii 51 na nusu kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri huko hupanda digrii 15 tu juu ya upeo, kimo cha mti wa jirani, na mchana wote haufiki saa 8. Na wakati ule wa Cockeram baridi ilikuwa kali kuliko ya siku hizi. Wataalamu wa hali ya hewa wanauita muda huo Zama Ndogo za Barafu. Majira ya baridi ya mwaka 1607 kuingia 1608 mto Thames uliganda katikati ya London, watu wakatandaza mabanda juu ya barafu wakauza vyakula na vinywaji. Jambo hilo lilirudia mara kadhaa, likiwa kubwa zaidi mwaka 1683 kuingia 1684, na gulio la mwisho juu ya mto ulioganda lilikuwa mwaka 1814. Katika picha zilizochorwa mambo hayo yanaonekana kama sherehe. Lakini wapiga makasia wa mto walikosa kazi, na makaa ya mawe, ambayo London iliyaleta kwa majahazi kutoka Newcastle, hayakuweza kufika kirahisi.

Moto ulikuwa ghali. Tena mwaka 1662 serikali ikautoza kodi: shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko ndani ya nyumba, na watu wa kodi wakapewa ruhusa ya kuingia ndani kuhesabu. Wananchi waliichukia kodi hiyo mpaka ikafutwa mwaka 1689. Wasomaji ambao babu zao walilipa kodi ya kibanda kwa Wajerumani tangu mwaka 1898 hawahitaji kuelezwa jinsi mtu anavyojisikia mgeni anapoingia kuhesabu mlango wake. Na baada ya meko ikaja kodi ya madirisha, mwaka 1696, ikadumu hadi 1851. Watu waliziba madirisha kwa matofali ili walipe kidogo. Nilionyeshwa nyumba za namna hiyo nikiwa huko, zenye umbo la dirisha ukutani na matofali ndani yake, kama jicho lililofumbwa. Yaani katika nchi ambayo jua la baridi huonekana kwa kubahatisha, kulikaribisha ndani kulilipiwa kodi kwa miaka 155. Ukuta wa nje, unaoelekea kusini, haukuwa na kodi. Yeyote aliweza kuuegemea.

Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwepo, na lilikuwa na thamani kwa kila mtu asiye na kuni za kutosha. Neno likawepo pia. Hata hivyo vitu hivi viwili havikukutana. Apricity lilikaa ndani ya kamusi, halikutoka nje kwenda ukutani kuonja joto lililo maana yake. Mwisho likaingia katika Kamusi kubwa ya Oxford, ile iliyoanza kutolewa vipande vipande mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, nayo ikaliwekea alama ya maneno yaliyokufa.

Msimamizi wa kamusi ile, James Murray, alikuwa naye mwalimu wa shule. Alianza kazi hiyo akiwa bado anafundisha, katika kibanda cha mabati alichokijenga kwenye kiwanja cha shule, kimejaa mamilioni ya vipande vya karatasi. Alipohamia Oxford alijengewa kibanda kingine, nacho kikazamishwa ardhini nusu ili kisimharibie jirani mandhari. Kilikuwa na unyevu na baridi kali. Murray alifanya kazi amevaa koti zito, na miguu yake ameitia ndani ya sanduku ili upepo wa chini usimfikie.  Sijui alipoifikia karatasi ya apricity kama aliangalia dirishani.

Kuna jamaa mmoja wa uongo wa neno hili ambaye nataka nimtaje kabla sijaendelea, kwa sababu anahusu na lugha yetu kwa mbali. Ni lile tunda la apricot, dogo, la manjano iliyokolea, ambalo Waingereza walianza kulipanda katika karne ya 16 wakiliegemeza kwenye kuta za bustani zinazopata jua. Mwaka 1617 mtunga kamusi John Minsheu alieleza kwamba jina lake latokana na tunda kuivia mahali pa jua, apricus. Maelezo mazuri, na si kweli. Jina hilo lilianza na neno la Kilatini la tunda linalowahi kuiva, likaenda kwa Wagiriki, Waarabu wakalichukua wakalitia al yao mbele, al-barquq, wakalifikisha Hispania, na huko Wazungu wakalipokea upya kama mgeni bila kutambua kuwa ni mtoto wao aliyekwenda kutembea. Sisi Waswahili, tuliopokea maneno mengi kwa Waarabu na mengine tukayapokea kwa Wareno, tunaweza kucheka kidogo. Walakini huenda kosa la namna ya Minsheu ndilo lililosaidia kulipa jina hilo sura yake ya mbele katika Kiingereza. Makosa ya walimu yana nguvu.

Nimekaa juu ya swali la kwa nini neno hili halikuishi. Katika karne ya 16 Waingereza walikuwa na ugomvi mkali juu ya maneno ya namna hii. Waliyaita maneno ya pembe ya wino, kwa sababu wasomi walibeba wino katika pembe. John Cheke, aliyekuwa profesa wa Kigiriki kule Cambridge, alitaka Kiingereza kiandikwe kwa maneno yake chenyewe, bila kukopa ovyo. Wengine walisema lugha yao ni fukara, lazima ikope. Ukiyasikiliza mabishano hayo utadhani umeketi katika semina zetu za miaka ya 1970, baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa mwaka 1967, pale ukumbini tulipokunywa chai na kubishana juu ya kila neno jipya. Mengine tuliyoyapigania yanaishi: leo hakuna anayeshangaa akisikia shahada au kitivo. Mengine yalikufa. Mimi mwenyewe niliwahi kuwafundisha wanachuo kwamba kompyuta iitwe ngamizi, nikawapunguzia alama waliokataa. Nadhani ni mimi na karatasi zangu tuliobaki tukilikumbuka.

Lakini Kiingereza hakikuwa fukara katika jambo hili. Kilikuwa tayari na kitenzi bask, kilichotoka kwa watu wa Skandinavia, ambacho zamani kilikuwa na maana ya kuoga na baadaye kikawa kuota joto. Shakespeare alishakitumia kwa jua kabla Cockeram hajatoa kitabu chake. Mtu wa kawaida akiegemea ukuta mwezi wa Januari alikuwa na neno lake, la mama yake, fupi, lililotosha. Apricity lilikuja kumfundisha jambo alilokuwa anajua kulifanya.

Sasa nifike kwetu, ambako sikutaka kufika mapema.

Yule jirani wa Leeds, baada ya kunisomea neno, aliniuliza kwa heshima kama katika lugha yetu, nchi ya joto, kuna haja ya kuwa na neno la namna hiyo. Nikamjibu mara moja: kuota jua. Akataka kujua kama ni neno la kitaalamu. Nikamwambia hata mtoto wa miaka mitatu analisema. Tunaota moto, tunaota jua. Nikamweleza kuwa kitenzi hichohicho kwa sauti ni ndoto ya usingizini na ni mbegu kuchipua, na kwamba wataalamu watasema ni maneno matatu tofauti yaliyofanana kwa bahati, nami nikiwa darasani nilisema hivyohivyo. Nikamweleza kuhusu kipupwe cha pwani, na kwamba huko kwetu juu, Njombe na Makete, mwezi wa Juni na Julai sakitu hulala juu ya majani mpaka yakawa meupe na viazi vikaungua shambani. Alishangaa sana. Mimi nikanyamaza, kwa sababu wakati nilipokuwa nikijigamba kuota jua nilimkumbuka kijana mmoja.

Ilikuwa Julai 1978. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 taifa lilikuwa limeamua watoto wote waingie shule, na walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, hatimaye wapewe cheti cha Daraja la III C. Tuliwaita walimu wa UPE, na nakiri kwamba sisi wa vyuoni hatukulitamka jina hilo kwa heshima kila mara. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na fomu za tathmini.

Nilifika katika shule moja ya Makete saa 2 na robo asubuhi kwa gari la chuo. Nimevaa koti la kijivu la sufu nililolinunua kwa mtu Mbeya. Darasa lilikuwa la udongo na bati, halina vioo, upande wa magharibi wa jengo, na ndani ya darasa hapakuwa na mtu. Nikazunguka nyuma. Watoto kama hamsini walikuwa wameketi chini kwa mistari mitatu wameegemea ukuta wa mashariki, magoti yamevutwa ndani ya mashati, na mwalimu wao, kijana wa miaka 18 au 19, anatembea mbele yao akiwasomesha silabi kwa kuimba. Ubao hapana. Zana za kufundishia hapana. Andalio la somo lilikuwepo, mfukoni mwake.

"Shikamoo Mkufunzi," akasema.

"Marahaba. Darasa lako liko wapi?"

"Wanaota jua kidogo, Mkufunzi. Vidole vyao haviwezi kushika kalamu. Saa 3 tutaingia ndani."

Nilimwambia awaingize sasa hivi. Wakaingia. Nikakaa nyuma ya darasa na koti langu, nikatazama watoto wakiandika, na kweli hawakuweza kuandika. Kalamu zilianguka chini moja baada ya nyingine, sauti ile bado naisikia. Katika fomu, mahali pa udhibiti wa darasa, nikaandika kwamba hakuna. Mahali pa matumizi ya ubao nikaandika kwamba ubao haukutumika. Vyote viwili vilikuwa kweli. Nikampa alama ya kurudia mazoezi, nikatia sahihi, nikanywa chai kwa mwalimu mkuu, nikaondoka kabla ya mchana kwa sababu dereva aliogopa ukungu.

Sikumfikiria tena. Hili ndilo linalonisumbua kuliko alama yenyewe. Nilikuwa nimefundisha fasihi, nilikuwa nawasomea wanachuo mashairi juu ya watu wa chini, nilikuwa na kadi ya chama mfukoni. Na neno alilonitajia nililijua tangu mgongoni kwa mama yangu. Marehemu mama kila Julai alikuwa akituburuta asubuhi mpaka ukuta wa jikoni, akitupanga kwa ukubwa, mdogo katikati. Mkutano wangu na wale watoto hamsini ungeweza kunikumbusha hilo. Haukunikumbusha kitu.

Basi ilinibidi niende maili elfu kadhaa, niketi juu ya ndoo katika nchi ya watu, nielezwe na mgeni kwa neno la Kilatini lililokufa, ndipo nimwone.

Niliporudi nilimtafuta. Haikuwa rahisi, maana fomu za wakati ule sijui ziliishia wapi, na jina lake moja tu ndilo nililolikumbuka. Tulikutana kwa bahati mwaka 2016 kwenye msiba, karibu na Makambako, mwezi wa Julai vilevile. Alikuwa amestaafu, ana mvi kunizidi. Alinitambua yeye. Tuliketi kwenye viti vya plastiki nje ya turubai, tukala ugali na nyama, na baada ya kuzungukazunguka nikamtajia ile asubuhi.

"Nakumbuka," akasema. "Ulikuwa na koti la kijivu lenye vifungo vikubwa. Watoto walilizungumzia wiki nzima."

Nikamwuliza kuhusu alama. Akasema alirudia mazoezi mwaka uliofuata, cheti kikachelewa, na mshahara kamili ukachelewa nacho, na kwamba mwaka huo aliahirisha kuoa. Alisema haya bila uchungu, kama mtu anayetaja bei za zamani. Nikamwomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Kisha akaniuliza kama yule mkufunzi aliyemtahini mara ya pili alikuwa mwenzetu wa chuoni, kwa sababu yeye naye alimkuta nje ukutani na watoto, wakati wa Julai, na yeye alivua kofia akaketi nao.

Sikumjua mwenzangu huyo ni nani. Nikamsimulia, kwa kujificha kidogo, juu ya apricity, na Cockeram, na kibanda cha baridi cha Murray. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa Mkufunzi," akasema, "hao Waingereza walipokuwa wanaota jua, walikuwa wanasema nini?"

Nikamwambia walikuwa na neno lao jingine, la kawaida.

"Mm," akasema. Akautazama mstari wa kivuli cha turubai, ambao tukiongea ulikuwa umetambaa ukafika magotini pangu, akashika mkono wa kiti changu. "Sogea huku. Hapo baridi."

Nikasogea.